Filamu ya "28 Years Later": Kabla ya kusema zombi, tukumbuke neno mgonjwa

MIKELENGE, Kindu – Filamu ya kutisha ya "28 Years Later", iliyotoka tarehe 20 Juni 2025, imewagawanya wapenzi wa sinema za mazombi. Kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes, inayokusanya maoni ya wahakiki na ya watazamaji, karibu wahakiki 9 kati ya 10 waliisifu. Watazamaji wa kawaida walioipenda walikuwa kama 6 au 7 tu kati ya 10. Kampuni ya CinemaScore, ambayo huwauliza watu wakitoka ukumbini kule Marekani, iliipatia alama ya B. Kwa filamu yenye jina kubwa hivyo, hiyo ni alama ya mtu aliyeshiba ila mboga haikumpendeza.

Hapa Mikelenge, filamu kama hii haifiki kwa bango wala kwa tiketi. Inafika kwa kadi ya memori, inapita kutoka simu moja hadi nyingine, halafu inaonyeshwa kwenye chumba cha video palipo na jenereta au paneli ya jua. Lakini ubishi ni ule ule wa London na New York. Kundi moja linasema ni filamu iliyowatoa machozi. Kundi la pili linasema limedanganywa: liliahidiwa mazombi, likapewa msiba.

Msimamo wangu ni huu. Sehemu ambayo wapenzi wengi wameizomea ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa mashariki mwa Congo. Na ubishi wote, ukiuchunguza, unarudi kwenye swali moja la lugha: wale wanaokimbia huku wakitapika damu kwenye filamu hiyo, tuwaite mazombi au tuwaite wagonjwa?

Kwa ambaye hajaitazama, nitataja mambo kadhaa ya hadithi, mwisho wake ukiwemo.

Hadithi yenyewe

Mwongozaji ni Mwingereza Danny Boyle na mwandishi ni Alex Garland. Wawili hao ndio waliotengeneza "28 Days Later" mwaka wa 2002. Katika filamu ile ya kwanza, wanaharakati waliwafungua sokwe waliokuwa wakifanyiwa majaribio ndani ya maabara huko Uingereza, na virusi vya hasira vikatoka. Aliyeambukizwa alibadilika ndani ya sekunde chache, akaanza kuwashambulia watu. Mwaka wa 2007 ilifuata "28 Weeks Later", iliyoongozwa na mtu mwingine, Juan Carlos Fresnadillo. Kwa hiyo wapenzi wa hadithi hii walisubiri miaka 18.

Katika filamu ya 2025, Uingereza yote imewekwa karantini. Meli za nchi za Ulaya zinazunguka pwani ili mtu asitoke. Kikundi cha walionusurika kinaishi kwenye kisiwa cha Lindisfarne, kinachounganishwa na bara kwa njia ambayo hufunikwa na maji bahari inapojaa. Mtoto Spike, mwenye miaka 12, anapelekwa bara na baba yake, Jamie, akamuue mgonjwa wake wa kwanza kwa mshale, kama vile mtoto anavyopelekwa jandoni. Wakirudi, baba anamsifu mbele ya kijiji kwa ushujaa ambao mtoto anajua hakuuonyesha. Mama yake, Isla, amelala kitandani na ugonjwa ambao hakuna anayeujua, kwa sababu kisiwani hakuna daktari.

Spike anasikia kwamba kuna daktari mmoja bado yuko hai bara, Kelson, ambaye watu wanamwita kichaa. Anamtoa mama yake kisiwani kwa siri na kumpeleka huko. Kuanzia hapo filamu inabadilika. Mbio zinapungua, maneno yanaongezeka. Njiani, ndani ya treni iliyotelekezwa, wanamkuta mwanamke aliyeambukizwa akiwa na uchungu wa kuzaa. Isla anamshika mkono na kumsaidia, na mtoto anazaliwa mzima, bila virusi. Daktari naye anaonekana si kichaa hata kidogo. Anachoma maiti, anasafisha mifupa na kuijengea minara ya ukumbusho, ya waliokuwa wazima na ya walioambukizwa bila kubagua. Anamchunguza Isla na kugundua kwamba ni kansa iliyokwisha kusambaa. Isla anafia hapo, na mwanawe anaweka fuvu la mama juu kabisa ya mnara.

Wanaolalamika wana haki yao

Nisiwabeze wanaolalamika. Tangazo la filamu liliuza woga: sauti ya mtu akighani shairi la kivita, mafuvu, watu wakikimbizwa. Mtu akikuuzia samaki, ukifika nyumbani ukakuta sombe, hata kama ni sombe tamu una haki ya kuuliza samaki yuko wapi. Nusu ya kwanza inatimiza ahadi. Nusu ya pili ni safari ya mtoto na mama mgonjwa, na waliokuja kutetemeka waliona kama wameingia chumba kisicho chao.

Mwisho pia umewachanganya wengi. Baada ya huzuni yote ile, ghafla linatokea genge la vijana wenye nywele za bandia za rangi ya dhahabu na nguo za michezo, wakiruka na kuua kama wanasarakasi. Waingereza walielewa mara moja: mavazi yale ni ya Jimmy Savile, mtangazaji maarufu wa televisheni aliyekufa mwaka wa 2011, na ambaye mwaka uliofuata ilijulikana hadharani kwamba alikuwa amewadhulumu watoto wengi kingono. Katika dunia ya filamu, maisha ya kawaida yalikatika mwaka wa 2002, kwa hiyo genge lile halikuwahi kujua ukweli wake. Ni wazo kali. Lakini mtazamaji wa Kindu ambaye hajawahi kumsikia Savile anaona tu vijana wanaocheza ovyo kwenye msiba. Kumlaumu mtazamaji huyo si haki.

Hata sehemu ya pili ya hadithi, "28 Years Later: The Bone Temple", iliyoongozwa na Nia DaCosta na kutoka Januari 2026, ilionyesha jeraha hilo. Watazamaji walioulizwa walipotoka ukumbini waliipatia alama nzuri kuliko ile ya kwanza, lakini mapato yake yalikuwa madogo zaidi. Waliorudi walifurahi. Shida ni kwamba wengi hawakurudi.

Pamoja na hayo, kuna lalamiko moja ninalolikataa. Ni lile linalosema kwamba filamu iliharibika pale ilipoanza kuwahurumia walioambukizwa, kwa sababu zombi ni wa kuuawa, hana hadithi.

Neno lililotoka kwetu

Tuanze na neno lenyewe. Wataalamu wengi wa lugha wanalihusisha neno "zombi" na lugha za upande wa magharibi wa nchi yetu na Angola, hasa Kikongo, ambako "nzambi" ni Mungu na "zumbi" ni roho au kitu cha nguvu za roho. Watu wa Kongo waliokamatwa na kuuzwa utumwani walilipeleka ng'ambo ya Atlantiki, hadi nchi inayoitwa leo Haiti. Huko, zombi hakuwa mla watu. Alikuwa mtu aliyekufa, akafufuliwa na mchawi, akatumikishwa shambani bila malipo na bila kupumzika. Kwa mtumwa, hicho ndicho kilikuwa kitisho kikubwa kuliko vyote: kwamba hata kifo hakitamweka huru. Ndugu zetu wa Tanzania wana hadithi iliyo karibu sana na hiyo, ya msukule, mtu ambaye ukoo ulidhani umemzika kumbe anamlimia mtu mwingine usiku.

Sinema ya Marekani ililichukua neno hilo mwaka wa 1932 katika "White Zombie", na humo bado tunawaona mazombi wakisukuma mashine kwenye kiwanda cha sukari. Ni mwaka wa 1968, katika "Night of the Living Dead" ya George Romero, ndipo maiti wanaotembea walipopata sura tunayoijua leo: wengi, wenye njaa ya nyama ya watu, na wanaouawa kwa kupigwa kichwani. Katika safari hiyo, aliyekuwa mtu wa kuhurumiwa akageuka kuwa kitu cha kulengwa. Mtumwa alisahauliwa, ikabaki shabaha.

Sasa, katika filamu za "28", hawa hawajafufuka. Hawakufa kamwe. Ni watu walio hai, wenye virusi mwilini. Kwa Kiingereza, filamu zenyewe zinawaita walioambukizwa. Wapenzi wa sinema duniani wamebishana juu ya jambo hilo tangu 2002, na wengi wamelichukulia kama mchezo wa maneno tu. Kwa Kiswahili chetu si mchezo. "Walioambukizwa" ni neno tulilolisikia redioni kila asubuhi kwa karibu miaka miwili, kutoka Beni, kutoka Butembo, kutoka Mangina.

Hapo ndipo anayetafsiri filamu anapokuwa na kazi nzito kuliko anavyofikiri. Katika eneo letu la Afrika, kuna utamaduni mkubwa wa watu wanaozungumza juu ya filamu na kuieleza kwa lugha ya watazamaji: Lufufu aliyepata sifa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya, VJ Jingo wa Uganda, na wengine wengi wasio na jina kubwa. Mtazamaji asiyejua Kiingereza wala Kifaransa anamwamini mtu huyo kuliko picha. Akisema "zombi huyo, mmalize!", chumba kizima kitashangilia. Akisema "mgonjwa huyo amewakimbilia", chumba kitaogopa vilevile, lakini kitaogopa kwa namna nyingine. Picha ni ile ile. Neno moja limebadilisha aliyekufa kuwa mtu.

Tuliyoyaona Beni na Butembo

Mlipuko wa kumi wa Ebola nchini mwetu ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu ya Kaskazini, ukaenea Ituri, na ulitangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Uliambukiza watu 3,470 na kuua 2,287. Duniani, ni mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016 peke yake unaouzidi kwa ukubwa.

Tunajua jinsi woga ulivyofanya kazi wakati ule. Watu wa riposti walifika wamevaa kuanzia kichwa hadi vidole, macho tu yakionekana nyuma ya miwani. Mgonjwa alitolewa nyumbani, na mara nyingine familia ilimwona tena ndani ya mfuko. Uvumi ukajaa: kwamba ugonjwa ni biashara, kwamba viungo vinauzwa. Mwezi Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili mwaka huo, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi Butembo. Na waliopona, badala ya kupokelewa kwa shangwe, wengi walirudi nyumbani wakakuta majirani wanawakwepa.

Yaani, pande zote mbili, mtu aliacha kuwa mtu. Mgonjwa aligeuka hatari inayotembea. Muuguzi aligeuka muuaji aliyevaa barakoa. Hiyo ndiyo kanuni ya sinema ya zombi, iliyotoka kwenye kioo na kuingia barabarani.

Kilichosaidia ni kinyume cha kanuni hiyo. Watu waliopona, wakiwa na kinga mwilini, waliajiriwa kuwashika na kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa na Ebola, katika nyumba za malezi zilizofunguliwa karibu na vituo huko Beni na Butembo. Mtu aliyekataliwa sokoni ndiye pekee aliyeweza kumkumbatia mtoto yule bila kuvaa mavazi ya kinga. Ukikumbuka hilo, rudi kwenye ile treni iliyotelekezwa. Mama mgonjwa wa kansa anamshika mkono mama mgonjwa wa virusi, na mtoto mzima anatoka. Pembeni yupo askari kutoka Uswidi ambaye haoni mtoto. Anaona ugonjwa, na anataka kuupiga risasi. Wapenzi wengine wameandika kwamba tukio hilo haliaminiki. Huenda kwao. Kwetu, wapo watoto wanaotembea leo kwa sababu kuna mtu aliyekataa kufikiri kama askari yule.

Kuna jambo jingine. Mojawapo ya dawa mbili zilizoonyesha nguvu dhidi ya Ebola katika majaribio yaliyofanywa hapa nchini kuanzia Novemba 2018, ile iitwayo mAb114, chanzo chake ni damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka wa 1995. Taasisi yetu ya utafiti wa tiba, INRB, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, ilishiriki katika kazi hiyo, na Desemba 2020 Marekani iliidhinisha dawa hiyo. Fikiria kama Kikwit wangetumia kanuni ya sinema. Damu iliyokuja kuwaokoa wengine ingemwagika chini.

Na sinema ilikuwa imeshawaandalia kanuni hiyo. Mwaka huohuo wa 1995, Hollywood ilitoa "Outbreak", inayoanzia kwenye msitu wa Zaire, ambako jeshi la Marekani linaipiga bomu kambi yenye wagonjwa ili virusi visijulikane. Wagonjwa wa Zaire katika filamu ile hawana majina. Wanaungua mwanzoni ili hadithi ya wengine ianze. Ndiyo maana sishangai tena kuona Mkongomani akitazama "28 Years Later" kwa udadisi mwingine kabisa: safari hii ni Uingereza iliyofungiwa nje ya dunia, na ni Waingereza wanaopigwa darubini kutoka kwenye meli za wengine.

Mnara wa mifupa

Wapo waliosema hapa kwetu kwamba daktari wa mafuvu ni mchawi, na kwamba filamu inafundisha ushirikina. Ninauelewa wasiwasi huo. Kwa Mkristo na kwa Mwislamu wa Maniema, maiti hurudishwa ardhini, na fuvu lililowekwa juu ya mnara linatia kichefuchefu. Sitaki mtu aige alichofanya Kelson. Pia namna alivyokufa Isla, kwa kusaidiwa na daktari huku mwenyewe amekubali, ni jambo ambalo wengi wetu hatutalikubali, na ni haki kulipinga.

Lakini tuangalie alichokuwa akitafuta. Nchi yote imekufa bila kuzikwa. Hakuna padri, hakuna shehe, hakuna ndugu wa kulia. Yule munganga mmoja ameamua kwamba kila mtu atakumbukwa, na hatauliza alikufa akiwa wa upande gani. Nchi hii inaelewa hamu hiyo. Mwezi Juni 2022, Ubelgiji ilipolirudisha jino la Patrice Lumumba, jino moja tu, kwa sababu mwili wote uliharibiwa kwa asidi, lilibebwa ndani ya jeneza hadi Onalua alikozaliwa, Kisangani, Shilatembo alikouawa, kisha Kinshasa ambako lilizikwa tarehe 30 Juni. Watu walisimama barabarani kulilaki. Hakuna aliyesema ni uchawi kulilia jino. Na mapema mwaka wa 2025, baada ya mapigano ya Goma, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walikusanya maiti mitaani na kuzizika. Wengi wa waliozikwa siku zile walikuwa na mama anayesubiri habari mahali fulani.

Kwa hiyo mtu wa mashariki mwa Congo akiambiwa kwamba nusu ya pili ya filamu hii inachosha kwa sababu inazungumzia maziko, aulize: inamchosha nani?

Jibu la kweli kwa upinzani

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu, na siwezi kuipita pembeni. Vijana wanaokwenda kwenye chumba cha video jioni wamechoka. Wamebeba mizigo mchana kutwa, wameendesha pikipiki juani, wamesikia habari za vita asubuhi. Wanataka woga wa uongo ili wasahau woga wa kweli. Zombi wa sinema ana faida moja kubwa: ukizima kioo, anaondoka. Nani amenipa ruhusa ya kuwageuzia starehe yao iwe somo la afya?

Hakuna aliyenipa. Na siwaombi waache kushangilia. Filamu yenyewe inashangilia; ina mishale inayopenya shingo kwa mwendo wa polepole, ina jitu uchi linalong'oa vichwa vya watu pamoja na uti wa mgongo. Boyle anajua anachouza, na sehemu kubwa aliipiga kwa simu za iPhone kwa ustadi ambao kijana yeyote wa Kindu anayeota kutengeneza filamu kwa simu yake anapaswa kuutazama mara mbili. Ninachosema ni kwamba woga na huruma vinaweza kukaa kwenye benchi moja. Mtazamaji aliyeogopa dakika 50 za mwanzo hajaibiwa akiombwa alie dakika 50 zinazofuata. Amepewa filamu mbili kwa bei ya moja.

Hoja hiyo ya starehe pia inasahau nani mwingine yuko chumbani. Marekani, filamu hii ina alama ya R: aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mtu mzima anayemlea. Katika vyumba vyetu vya video, mara nyingi benchi la mbele ni la watoto. Mtoto wa miaka 9 hajui Lindisfarne iko wapi. Anachobeba akitoka ni neno "zombi", na kesho yake anampachika jirani: mwenye kifafa, mama anayezungumza peke yake sokoni, kijana mwenye makovu ya mpox, mtoto mwenzake mkimya. Nchi hii imeona neno linavyoweza kumtoa mtoto nyumbani. Ndiyo maana Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamwadhibu kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini, mtu anayemshtaki mtoto kwamba ni mchawi. Neno "zombi" halimo kwenye sheria hiyo, lakini linatembea njia ile ile.

Wala si mambo ya zamani. Aina mpya ya mpox iliyoishtua dunia hadi Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura tarehe 14 Agosti 2024 iligunduliwa Kamituga, Kivu ya Kusini, jirani yetu. Septemba 2025, miezi mitatu tu baada ya filamu hii kutoka, Ebola ilitangazwa tena nchini, safari hii Bulape, Kasai, na ilichukua hadi tarehe 1 Desemba kutangazwa imekwisha. Mlipuko mwingine utakuja. Haujulikani utaanzia wapi, lakini neno tutakalolitumia siku ya kwanza linaweza kujulikana tangu leo.

Tunachoweza kufanya

Ninayoomba ni machache, na hayana gharama.

Anayetafsiri filamu asiruke sehemu za mazungumzo ili afike haraka kwenye mapigano. Sehemu ya daktari na mama ndiyo inayohitaji sauti yake zaidi, kwa sababu bila maneno haieleweki. Na mara moja moja, badala ya zombi, aseme mgonjwa. Watazamaji wake hawatakimbia.

Mwenye chumba cha video awatoe watoto filamu ya namna hii inapoanza, au aiweke usiku baada ya mpira. Anajua vizuri nani ni mtoto. Ndiye anayepokea franka zao mlangoni.

Na sisi watazamaji, tuipinge filamu kwa sababu zinazostahili. Tuseme mwisho wake umevurugika, na ni kweli. Tuseme tangazo lilitudanganya, na ni kweli pia. Lakini tusiseme imeharibika kwa sababu ilimtazama mgonjwa usoni. Wazee wamesema hujafa hujaumbika. Mwenye afya leo hajui atakuwa nani kwenye mlipuko ujao: aliye na mshale, au yule anayelengwa kutoka mbali na watu wasiotaka kujua jina lake.